Kutoka mlimani mpaka kwenye lami: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu baiskeli ya resi hapa Tanga

Mi naishi Pongwe, kazi yangu iko mjini, na kwa miaka mingi nimepanda mauntein baiki kwenye njia za mashamba ya mkonge, nikipata nafasi napandisha Magoroto au ile njia ya Amani kutokea Muheza. Tangu nianze kwenda kazini na baiskeli ya resi watu wananisimamisha njiani, wengine wananifuata mpaka kijiweni, na maswali ni yale yale. Nimeona niyaweke pamoja. Tanga ni mji wa baiskeli, kila mtu ana jibu lake, haya ni ya kwangu.

Kwanini umeacha mlima?

Sijaacha. Tatizo mlimani nlikuwa naenda Jumapili tu, siku zingine zote ni daladala na kiti cha ofisini, jioni chapati, kitambi kikaanza kubisha hodi. Sa nikasema ngoja niende kazini na mauntein baiki yangu, kilomita kama 13 tu, si nimeshapanda Amani mimi? Nikatoka asubuhi najiona bingwa, helmeti, glavu, tairi pana za meno. Kabla sijafika Kange, kwenye stendi ya mabasi, nasikia kengele nyuma, kring kring, akanipita mzee mmoja, Foniksi nyeusi, kanzu kaikunja kiunoni, nyuma kafunga tenga la machungwa limejaa mpaka juu. Nikamwamkia shikamoo huku nahema. "Marahaba mwanangu. Una pancha?"

Sikuwa na pancha. Tairi zangu tu zilikuwa zinalia vuuuu kwenye lami kama nyuki, kila jino linakula nguvu yangu, na mimi kila kakilima nakaza kama nakimbizwa alafu nakata pumzi, nakaza tena, nakata tena. Mzee mwendo wake mmoja tu, kama saa ya ukutani. Siku ile ndo nikajua mlimani nlijifunza mambo mengi ila hilo sikujifunza.

Ni lazima ninunue baiskeli ya resi?

Hapana, na kama hela haijakaa sawa usinunue kwanza. Anza na tairi. Ng'oa zile za meno, funga za kipara, uone tofauti siku hiyo hiyo. Ila angalia saizi vizuri, mana wengi wanaliwa hela hapa.

Kwenye ubavu wa tairi kuna namba mbili zimeandikwa kama 37-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, na hiyo ya pili ndo lazima ifanane na yako. Mauntein baiki za zamani za inchi 26 ni 559, zile za 27.5 ni 584, na za 29 ni 622. Sasa baiskeli za resi nyingi zinaitwa 700, na hizo nazo ni 622! Yani mwenye 29 na mwenye resi wanaweza kuazimana tairi ilimradi upana ukubali. Usije ukafunga tairi ya 25 kwenye rimu pana ya mauntein, haikai vizuri na shimo la kwanza tu rimu inagonga. Chukua 38 au 40 mambo yaishe. Mwenye 26 atafute ya kipara ya inchi 1 na nusu, mafundi wengi wanazo.

Alafu kama foku yako ya mbele ina springi na kuna kitufe cha kuifunga, ifunge. Ukisimama kukanyaga na foku inabonyea unapiga pampu bure.

Fundi ameniambia atanifungia usukani wa resi kwenye mauntein baiki yangu, nikubali?

Muulize kwanza kuhusu breki. Mikono ya breki ya resi inavuta waya mfupi, V-breki za mauntein (zile za mikono miwili inayobana rimu) zinataka waya mrefu, ukiziunganisha hivo hivo unakamata mkono wote mpaka unagusa usukani na baiskeli bado inaenda. Na ile mikono yako ya zamani haiingii kwenye usukani wa resi kwa sababu bomba lake ni nene zaidi, 23.8 kwa 22.2. Ukija kujumlisha mikono mipya, breki mpya na giya mpya, unakuta ungeongeza kidogo ungepata resi nzima ya mtumba.

Mtumba niangalie nini?

Hapa ntakaa kidogo, mana ndo watu wanapolia.

Kwanza fremu. Igeuze, pitisha kidole kwenye maungio yote, hasa chini pale pedeli zinapopita na nyuma ya kichwa cha usukani. Rangi iliyopasuka kama uzi, achana nayo. Ya chuma yenye kutu juu juu haina shida, ya alumini yenye ufa ni jeneza. Jaribu kupandisha na kushusha siti hapo hapo dukani, kama bomba limegandia ndani ya fremu hulitoi leo wala kesho, na utabaki na siti ya urefu wa mzungu aliyeiuza.

Pili cheni. Beba rula ya shule. Pima kutoka pini moja mpaka pini ya 24 baada yake, cheni mpya inasoma inchi 12 kamili. Ikisoma 12 na moja ya nane imekwisha, na ikikwisha hivo huwa imeshakula na meno ya nyuma, kwa hiyo ukifunga cheni mpya peke yake itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Punguza bei kwa hilo, muuzaji akibisha muoneshe rula.

Tatu zungusha magurudumu ukiangalia nafasi kati ya rimu na breki, likicheza kushoto kulia fundi ananyoosha kwa spoku, likicheza juu chini limeshapigwa shimo, fikiria mara mbili. Nne nafasi ya tairi, hakikisha inaingia angalau 28. Barabara zetu na tairi ya 23 ni ugomvi.

Tano, hii mi ilinipata. Hapa kwetu tumezoea mkono wa kulia ni breki ya mbele, kama Uingereza na Japani. Mtumba uliotoka Ujerumani au Uholanzi mara nyingi umefungwa kinyume, kushoto ndo mbele. Nlinunua, nikaijaribu palepale mtaani, mtoto akakatiza na mpira, nikabana kushoto kidogo nikijua ni nyuma... nilitua mikono mbele, magoti yakafuata, mtoto ananiangalia tu na mpira wake kwapani. Muuzaji hakusema kitu na mimi sikuuliza. Kabla hujapanda, sukuma baiskeli kwa mkono, bana mkono mmoja mmoja uone gurudumu lipi linasimama, ukitaka fundi abadilishe waya ni kazi ya dakika chache.

Siti iwe juu kiasi gani?

Juu kuliko ulivyozoea. Sisi wa mlimani tunashusha siti ili tukiteremka tupate pa kuchezea, ukija nayo hivo hivo kwenye lami unakanyaga na magoti yamekunjwa kilomita 13 kwenda 13 kurudi, wiki moja tu goti linalalamika.

Njia ya haraka, kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukirudisha unyayo mahali pake goti linabaki limekunjika kidogo, hapo sawa. Njia ya vipimo, simama pekupeku ukutani, bana daftari gumu katikati ya miguu lipande mpaka ligote, weka alama, pima mpaka chini, zidisha kwa 0.883. Mi nina sentimita 82, inatoka 72.4, nikapima kutoka katikati ya ile ekseli ya kati, pale mikono ya pedeli inapofungwa chini ya fremu, mpaka juu ya siti. Baada ya hapo sikiliza mwili, goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma kwa nyuma iko juu sana.

Huo usukani uliopinda sio wa kuvunja mgongo kweli?

Watu wanadhani lazima uiname kule chini muda wote. Wala. Una sehemu tatu za kushika, juu palipo bapa ukiwa unapumzika, kwenye zile pembe za mikono ya breki ambapo utakaa muda mwingi, na chini kwenye mkunjo kwa ajili ya upepo na mteremko. Chini ndo breki zinakamata vizuri zaidi kwa sababu kidole kinavuta ncha ya mkono. Mikono ikifa ganzi umeegemea sana, legeza viwiko, inyanyue siti pua yake isiwe imeinama mbele, na ikishindikana weka stemu fupi zaidi, kile kipande kinachoshika usukani. Shingo itauma wiki mbili za kwanza, hiyo ni ya kawaida, umezoea kukaa wima kama unaangalia sinema.

Nitumie giya gani? Huku si tambarare?

Tambarare ndo kazi kwelikweli! Mlimani unakanyaga, unateleza, unaacha, unapumzika kwenye mteremko. Huku hakuna pa kupumzikia, ukiacha kukanyaga baiskeli inasimama. Kosa la kila mtu wa mlimani ni kuweka giya nzito na kukanyaga kama anasaga mahindi. Weka nyepesi uzungushe haraka. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, ukipata 80 mpaka 90 uko pazuri. Mi siku ya kwanza nlipata 56.

Resi nyingi mbele zina duara mbili, za meno 50 na 34, kubwa ndo nzito, mwanzoni we sahau ile 50. Itakuja yenyewe.

Upepo je?

Aaa, sa hapo umegusa. Mlimani upepo unausikia kwenye majani, huku unaupanda kama ukuta. Spidi ikiongezeka mara mbili ukinzani wa upepo unaongezeka mara nne, na nguvu ya miguu ya kuusukuma mara nane, ndo mana mtu anatoka kilomita 18 kwa saa mpaka 22 vizuri tu, kutoka 28 kwenda 32 anatoa ulimi.

Wavuvi wa pale Deep Sea, ufukweni hapa mjini, hawahitaji kuambiwa hili, na sisi wa baiskeli tuwe kama wao. Kusi inavuma kuanzia kama mwezi wa 4 mpaka wa 9 hivi, kaskazi kuanzia Disemba mpaka Machi. Wakati wa kusi ukienda upande wa Pangani unakwenda nayo usoni na kurudi inakusukuma, hapo raha. Ukienda upande wa Horohoro ni kinyume, unakwenda unacheka unajiona Biniam Girmay, ukigeuza ndo unajua ulikuwa unabebwa. Kanuni yangu, toka na upepo usoni, rudi nao mgongoni. Njia yangu ya kazini siwezi kuichagua, asubuhi hewa imetulia, jioni wakati wa kusi narudi Pongwe nimeinama kama naswali.

Huyo Girmay ndo nani?

Mwafrika mwenzetu wa Eritrea, mwaka 2024 alishinda hatua 3 za Tour de France na akaondoka na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi. Na 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, tena kwenye vilima vyao vile. Kwa hiyo ukiambiwa huu ni mchezo wa wazungu, jibu unalo.

Upepo wa tairi niweke kiasi gani?

Mauntein nlikuwa naweka psi 25 au 30 (psi ndo kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) tairi ishike mawe. Resi ni dunia nyingine. Tairi ya 28 kwa mtu wa kilo 70 na kitu ni kama psi 70 mpaka 80, nyuma zaidi ya mbele kidogo kwa sababu uzito uko nyuma. Ya 32 inatosha 55 mpaka 65. Usizidishe kile kilichoandikwa ubavuni. Na tairi nyembamba inapoteza upepo haraka, pima kila baada ya siku 3 au 4, usisubiri ilegee uione kwa macho, ukiona kwa macho ushachelewa.

Tahadhari moja, kompresa ya gereji. Tairi ya resi ina nafasi ndogo sana ndani, upepo wa kujaza tairi la lori ukiingia sekunde moja unasikia paa! na vijana wote wa kijiweni wanalala chini. Pampu ya mkono ndo salama.

Pancha nazo?

Zipo, ila chanzo ni tofauti. Kwenye mkonge nlikuwa nachomwa na miiba, kwenye lami adui ni vijiwaya. Tairi za malori zikipasuka zinaacha nyaya nyembamba kama nywele pembeni mwa barabara, zinaingia taratibu, unaona pancha kesho asubuhi umeshavaa shati la kazini. Kwa hiyo ukiziba, kabla hujarudisha tyubu pitisha kidole polepole ndani ya tairi lote mpaka ukipate kile kiwaya. Usipokitoa utaziba tena kabla ya chai ya saa 4.

Nabeba tyubu moja nzima, viraka, solusheni, vile vijiko viwili vya plastiki vya kung'olea tairi, na pampu ndogo. Kuna jambo la valvu pia. Resi nyingi zinakuja na ile valvu nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole, na fundi wa mtaani pampu yake haiingii. Kuna kiunganishi kidogo cha shaba, bei ya soda, kifunge kwenye valvu usahau. Ila ukinunua tyubu angalia tundu la rimu, la valvu nyembamba ni milimita 6, la valvu ya gari ni 8, nene haipiti kwenye tundu dogo hata umbembeleze.

Hauogopi malori?

Naogopa. Asiyeogopa simwamini. Barabara ya kutoka Segera ina malori ya saruji, ya bandarini, mabasi yanayowahi Kange, bajaji, boda, na watoto wa shule watatu kwenye baiskeli moja.

Kilichonisaidia ni kusahau tabia ya mlimani ya kucheza na njia. Mlimani unakwepa jiwe kulia, mzizi kushoto, macho yako mita mbili mbele ya tairi. Kwenye lami ukikwepa hivo dereva hawezi kukusoma, na asiyekusoma ndo anakugonga. Nyoosha mstari. Angalia mbali, mita 20 au 30, shimo ulione mapema ulipite kwa kuhama taratibu baada ya kugeuza kichwa na kunyoosha mkono. Usijibanze ukingoni kabisa, acha kama hatua moja kutoka mwisho wa lami, pale ukingoni ndo pana mchanga na nyaya, na ukijibanza sana dereva anaona nafasi ya kukupita hata kama hakuna. Lakini ukisikia honi ndefu ya basi linalopishana na lori, shuka kwenye vumbi bila kujadili, haki yako utaidai ukiwa mzima. Basi likikupita kwa kasi linakuvuta kidogo kisha linakusukuma, shika usukani imara bila kukakamaa.

Reli nayo. Panapokatiza reli pita umenyooka, tairi ikate chuma kama msalaba. Tairi pana za mauntein zilikuwa zinasamehe, ya 28 inaingia kwenye ule mfereji na we unaendelea bila baiskeli. Mvua ikiwa imenyesha ndo usithubutu kukata upande. Na mvua ile ya dakika kumi za kwanza ni mbaya kuliko ya saa nzima, inaamsha mafuta yaliyoganda barabarani.

Taa hata kama unarudi kabla ya magharibi. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Spika masikioni hapana.

Unafikaje ofisini bila kunuka?

Natoka baada ya swala ya alfajiri, jua halijachachamaa. Kilomita 13 mwendo wa 20 kwa saa ni kama dakika 39, bila kuhesabu kusalimiana. Na hapo ndo siri, asubuhi siendi kwa kushindana, jasho lote nalimwaga jioni nikirudi. Nikifika natulia nje dakika 10 mwili upoe, najimwagia maji kidogo, kanga moja nyepesi inafuta vizuri kuliko taulo na inakauka upesi. Shati nimelikunja kwenye kerria nyuma. Begi la mgongoni acha, Tanga na unyevu wake huu utafika mgongo umeloa ramani ya Afrika nzima.

Sisi wanawake na baibui je?

Dada zangu, nyie hamna cha kufundishwa na mimi, mama zenu wanapanda baiskeli mji huu tangu mimi sijazaliwa. Ninachoweza kusema ni cha vyuma tu. Baiskeli nyingi za resi hazina kifuniko cha cheni wala wavu wa gurudumu la nyuma, na nguo pana ikiingia hapo inakamata ghafla. Tafuta fundi akufungie kifuniko, au chagua ile ya kike yenye bomba lililoshuka ukafunga tairi nyembamba, inakimbia tu. Mke wangu kafanya hivyo, na sketi yake ina suruali ndani, basi.

Itapunguza kitambi?

Changu kimepungua, ila sio mwezi wa kwanza. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mi nikienda kazini siku 3 tu, kwenda na kurudi, napata kama 230 bila kulipia jimu. Wastani maana yake unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Tatizo ni njaa. Kuna mwezi nilikuwa nikirudi nakula chapati nne na mchuzi nikisema nimezichoma njiani, mizani ikanicheka. Kama una presha, sukari au moyo, pita hospitali kwanza wakupime.

Mfungo wa Ramadhani unafanyaje?

Kazini naenda na daladala, sioni aibu. Baiskeli naitoa saa moja kabla ya futari, mwendo wa kutembea tu, au usiku baada ya tarawehe mtaani kwa taa. Miezi mingine chupa mbili za maji, na nikienda mbali nachanganya moja na chumvi kidogo na sukari. Dafu njiani halijawahi kumkosea mtu.

Makalio yanauma mno, ninunue siti pana ya sponji?

Usinunue. Sponji laini linakubana kati. Vumilia siku 10, vaa kaptula yenye pedi, na ndani yake usivae kitu kingine, huo mshono wa ndani ndo unaokuchubua.

Viatu vyangu vya kubana pedeli vya mlimani vitafaa?

Vinafaa sana, kuliko vya resi. Vya mlimani vina chuma kidogo cha skrubu mbili kilichojificha kwenye soli, unatembea ofisini kama binadamu. Vile vya resi vya skrubu tatu unatembea kama bata kwenye vigae.

Kutu!

Ndio, kutu. Upepo wa bahari una chumvi, ukikaa Raskazone au Sahare cheni inakuwa nyekundu ndani ya wiki. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukirudi, tia tone la oili ya cherehani kwenye kila pini, zungusha, kisha ifute tena mpaka mkono hauchafuki. Oili inayofanya kazi ni ile ya ndani, ya nje inakusanya mchanga tu. Oili chafu ya gari usiweke, najua fundi wako anaweka, usiweke.

Wikiendi twende wapi?

Mwanzo nenda mapango ya Amboni, kama kilomita 8 kutoka mjini, unarudi kabla jua halijapanda. Ukizoea nenda Tongoni kwenye makaburi ya kale, 17 hivi njia ya Pangani. Ya tatu ni Muheza, 30 na ushee, barabara inapandapanda kidogo kidogo, unakula machungwa pale na kurudi ni mteremko mtamu. Na ukishakuwa na miguu, panda gari mpaka Mombo ukapandishe lami ile ya Lushoto, kilomita 33 za kona na maporomoko. Mi nimeshaifanya mara moja, nlisimama mara tano, mbili kati ya hizo nlijifanya napiga picha.

Mauntein baiki umeuza?

Ipo chumbani, mke wangu anaanikia kanga kwenye usukani. Jumapili inatoka.

Na yule mzee wa machungwa umeshampita?

Asubuhi, kwenye tambarare, ndio, nampigia kengele na shikamoo yake nampa bila kuhema. Jioni wakati wa kusi ni habari nyingine. Anarudi na tenga tupu nyuma ya ile Foniksi, tenga pana kama mlango, linakinga upepo, na mimi nilimwomba ruhusa nikae nyuma yake kama nusu mita hivi nisiguse breki ovyo. Akakubali. Kila tukifika kwenye kilima cha mwisho anageuka kidogo, "bado upo?", namwambia nipo mzee wangu, anaongeza mwendo.